Miguu ya Nyuma

Winfrida Waitara alichagua gari kwa muda mrefu kuliko wengine tunavyochagua waume, na tabu ya kusubiri niliipata mimi jirani yake. Naitwa Eunice, nashona nguo sokoni Mugumu, na nyumba zetu zinatenganishwa na ua wa minyaa tu. Kila jioni nikishafunga cherehani nilipita kwao kukaa na mama yake mpaka Winfrida arudi kazini. Akichelewa yeye, na mimi nachelewa kupika kwangu, na mume wangu akiwa na njaa haongeleki.

Winfrida ni mkunga. Zahanati yake iko mbele ya Machochwe, karibu na mpaka wa hifadhi, huko ambako watu hukesha na tochi kufukuza tembo mashambani. Wanawake wa kule wamemzoea. Kuna wanaofika uchungu umeshashika, lakini wanauliza kwanza Winfrida yuko wapi ndipo wapande kitandani. Si kwamba ana maneno matamu, hana. Ana mikono iliyotulia, na hamkaripii mtu.

Mama yake alipigwa na kiharusi, mkono na mguu wa kulia vikalala. Anafanya mazoezi hospitalini hapa Mugumu, na taratibu alianza kuinua kikombe cha chai kisichojaa sana. Kumhamishia Machochwe kungekuwa kumkatiza mazoezi. Kumwacha Mugumu alale peke yake ndiyo kabisa haikuwezekana, kwa hiyo Winfrida alikwenda na kurudi kila siku kwa bodaboda. Kiangazi safari hiyo ni vumbi tu, unajipangusa unaendelea na maisha. Masika yakiingia, ule udongo mweusi unashika gurudumu na hauliachii.

Masika yaliyopita barabara ilimkatalia mara nyingi, akalala zahanati. Usiku mmoja wa namna hiyo mama yake alianguka akitafuta maji ya kunywa. Mimi nilimkuta asubuhi sakafuni, ameshachoka kuita. Nililia siku hiyo, na Winfrida aliporudi hakulia, jambo lililoniogopesha zaidi. Mganga mfawidhi wa zahanati, ambaye ni mtu mwema, alimwita akamwambia kwa upole kwamba kabla ya masika mengine achague: ahamie nyumba ya watumishi pale pale, au aombe uhamisho ili aletwe mwingine. Yaani awaache kina mama wa Machochwe, au amwache mama yake. Gari ndilo lilikuwa njia ya kutomwacha yeyote.

Basi akaanza kutafuta. Madalali wa Mugumu wakamganda kama kupe. Binamu yake Godwin, anayefanya biashara Sirari, alimpigia simu kila baada ya siku mbili kumsifia gari jeusi la chini chini lenye muziki mzito, akisema hiyo gari iko freshi kabisa, haina noma. Winfrida alimuuliza kama hiyo freshi imewahi kupita kwenye tope. Godwin akasema kwani anaenda kulima. Mimi mwenyewe nilimshauri achukue lolote lenye injini, maana kalenda haikuwa inatusubiri.

Hakunisikiliza, na sababu aliniambia jioni moja tukichambua mchicha. Alisema masika yaliyopita, kila alipokwama na bodaboda yake, hakuwa na la kufanya ila kukaa kando ya barabara na kutazama nani anapita. Magari makubwa ya kampuni za utalii yalipita, lakini hayo si ya mshahara wa mkunga. Magari ya kung'aa yalizama. Kilichokuwa kinapita kila mara ni Probox, kale kagari keupe ka mizigo, kakiwa kamejaa dagaa na kuku, lakini si kila Probox. Zilizopita ni zile zenye foo-wili, zinazovuta kwa magurudumu yote manne. Nyingine zilibaki pale pale kumsindikiza. Tena kila fundi wa Mugumu anaijua, na vipuri vyake havikusumbui. Nilimtazama nikajua huyu hatabadilika, akishakata shauri amekata.

Tulilipata Nyamongo, upande wa Tarime, kwa mchimbaji wa dhahabu aitwaye Masalu. Ni Msukuma mrefu, mcheshi, aliyekaa machimboni miaka mingi na sasa alikuwa anarudi kwao Geita kufungua duka. Tuliondoka Mugumu alfajiri. Fundi wetu, Emanueli, alikuwa atufuate kwa pikipiki yake, lakini ilipata pancha njiani, tukafika bila yeye.

Gari lilikuwa safi mpaka nikaona haya kuweka viatu vyangu ndani. Injini iliwaka mara moja na kutulia. Viti havikuchanika, na nyuma pale mlangoni paliandikwa 4WD kwa herufi za fedha. Masalu alisema amelinunua kwa mzee mmoja mfugaji, naye hajawahi kulipeleka pabaya, ni machimboni na sokoni tu, barabara ngumu. Akaongeza kwamba kuna mwalimu anakuja mchana kuliangalia. Nikamfinya Winfrida nikamwambia alipe tuondoke kabla mwalimu hajafika.

Winfrida akamuuliza Masalu kama karibu na hapo kuna lambo la kunyweshea ng'ombe. Lilikuwepo. Akaomba gari liendeshwe hadi pale ng'ombe wanapokanyagakanyaga, penye tope jeusi. Masalu akacheka, akasema dada huyu ananunua gari au boti, lakini akaliingiza kwa moyo mkunjufu, maana alijiamini.

Lilikwenda mwendo wa kama nyumba mbili, likazama. Masalu akakanyaga mafuta. Magurudumu ya mbele yakazunguka na kurusha tope hadi kwenye gauni langu nililolishona mwenyewe. Ya nyuma yalikaa kimya kama wageni walioalikwa. Winfrida aliyatazama, akamwambia Masalu azime.

Wenye ng'ombe waliokuwa pale wakatufungia maksai wawili wa kulimia. Wale wanyama waliinamisha vichwa, wakachimbia miguu ya nyuma kwenye tope, misuli ya mapaja ikatuna, na gari likatoka bila kelele. Emanueli akafika wakati huo huo. Akatandika gunia, akaingia chini, akakaa humo kidogo, akatoka uso umebadilika.

"Propela haipo," alisema.

Akatueleza kwamba propela ni ule mtaimbo mrefu unaopita chini ya gari kupeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma. Mtu ameufungua wote, akaziba tundu kwa kipande cha bati. Wengi hufanya hivyo ili gari lisinywe mafuta sana. Difu ya nyuma, yale meno yanayozungusha magurudumu, ni nzima, kila kitu kizima, ila kiungo cha katikati ndicho hakipo.

Hapo mdomo wangu ukanitangulia. Nilimwambia Masalu kwamba anatuuzia mbuzi kwenye gunia, na mengine ambayo sitayaandika.  Masalu alikuwa amechutama anachungulia chini ya gari lake mwenyewe, na alipoinuka nilimwona kweli ameumia. Akatoa simu, akampigia yule mzee aliyemuuzia, akaweka sauti kubwa tusikie sote. Mzee hakuficha kitu. Alisema bila shaka aliitoa, gari lilikuwa linakunywa kama ngamia, na hakuna aliyemuuliza habari za chuma wakati wa kuuza. Masalu akamuuliza chuma chenyewe kiko wapi. Mzee akasema kipo, kimelala kwenye lango la ng'ombe.

Emanueli alisema kuagiza nyingine kutoka Mwanza kunaweza kuchukua wiki nyingi, na pengine isioane. Upande wa ziwa mawingu yalikuwa yameshaanza kurundikana kila mchana. Nikaona kabisa Winfrida akihesabu kichwani. Akasema twende kwa huyo mzee.

Mzee Machage anakaa kijijini, si mbali kutoka Nyamongo, na boma lake limepangwa vizuri. Tulimwamkia shikamoo, akaitikia, akatupa viti. Na kweli, pale langoni mwa zizi, mahali ambapo wengine hupitisha magogo, ililala propela ya gari, imesuguliwa na shingo za ng'ombe mpaka inang'aa. Emanueli aliigusa kama mtu aliyekuta ndugu yake gerezani.

Winfrida alieleza shida yetu kwa Kikurya, polepole, na Masalu akaahidi fidia. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. Alijibu kwa Kiswahili ili sote tuelewe.

"Hiyo chuma haitoki. Zamani wezi walikuwa wanakata mti na panga wanaingia. Tangu hiyo ilale hapo hakuna ng'ombe yangu imetoka. Mkienda na hiyo chuma, usiku nani atanilindia, nyinyi?"

 Mwenye mifugo akishataja wezi, utamwambia nini? Masalu akainamisha kichwa. Emanueli akaanza kukunja gunia lake. Nikamfikiria mama wa Winfrida na ule usiku wa sakafuni, nikatamani kumpigia mzee kelele, lakini nikauheshimu uzee wake.

Winfrida alikuwa akitazama zizi muda wote. Akamgeukia mzee, kwa heshima kabisa.

"Baba, ukimuuzia mtu ng'ombe, unabaki na miguu yake ya nyuma?"

 Mzee akamtazama Masalu, akatazama gari lililosimama nje limetapakaa tope, akatazama lango lake. Ndani ya jiko mke wake akaanza kucheka, kwanza kwa kujizuia, kisha akashindwa. Mzee akamtupia neno la Kikurya ambalo Winfrida hadi leo amekataa kunitafsiria.

"Mimi sijawahi kuuza ng'ombe kilema bila kusema," mzee akasema hatimaye, taratibu, kama anayejieleza mbele ya baraza.

"Najua, Baba. Huyu wa magurudumu hukumsema kwa sababu hukumhesabu kuwa ng'ombe."

Mzee akapangusa uso kwa kiganja. Akasema sawa, lakini zizi halilali wazi hata usiku mmoja. Tulete kitu kizito kuliko hiyo chuma, ndipo tuichukue.

Hapo Masalu akafufuka. Aliondoka na gari lile lile bila kuaga na kurudi jua likianza kuinama, na juu ya keria amefunga matimba mawili, yale magogo magumu ambayo wachimbaji huyatumia kuzuia kuta za shimo zisiwaangukie. Alisema kama yanazuia mlima, hayatashindwa na panga. Akayachonga ncha, akayapitisha langoni mwenyewe, akamwita mzee ajaribu kuyasukuma. Mzee akasukuma, akasukuma tena kwa bega, akaridhika. Mke wake alitupa maziwa ya mgando, na Masalu aliponipitishia kibuyu aliniuliza kama humo pia nimeona mbuzi. Nilicheka kwa aibu, nikanywa.

Tulilala hapo kwa mzee, nami nikampigia mume wangu simu akalale kwa mama yake Winfrida. Emanueli aliifunga propela siku iliyofuata, baada ya kubadilisha beringi ya katikati na krosi, kiungo chake kilichoshika kutu. Tukarudi lambo lile lile, kwenye tope lile lile. Safari hii Winfrida alishika usukani mwenyewe. Magurudumu ya mbele yaliteleza kidogo, halafu ya nyuma yakauma, gari likajisukuma juu likapita hadi ng'ambo. Winfrida aliteremka, akazunguka nyuma, akainama kuyatazama magurudumu yale mawili, na ndipo akalia. Nilimwacha alie, alikuwa na deni hilo tangu mwaka jana. Siku hiyo hiyo alimlipa Masalu na kumtumia mganga mfawidhi ujumbe kwamba hahami, na jioni tukamsimulia mama yake yote ya lambo na zizi.

Masika yaliingia kwa fujo. Siku ya mvua kubwa ya kwanza nilikaa na mama yake kama kawaida, lakini roho yangu ilikuwa barabarani. Watu walipita wakisema mbele ya Machochwe maji yamevuka daraja, baadaye wengine wakasema yameshuka. Nilisonga ugali wa pale kwao, nikaufunika. Mama alikuwa amekaa kitandani akisikiliza.

Giza lilikuwa ndiyo kwanza linaingia tuliposikia ngurumo ya Probox ikikata kona ya kanisani. Nikainuka kwenda kufungua geti, ambalo huwa tunalifunga kwa pingo la mti.

"Kaa, Eunice," mama akaniambia.

Akachukua fimbo yake, akatoka kwenye manyunyu. Nilimfuata hadi mlangoni, nikashikilia fremu kwa mikono yote miwili nisije nikamkimbilia. Alivuka ua akiburuta mguu, akafika getini, akaiegemeza fimbo kwenye nguzo ya geti. Akaingiza mkono wa kulia chini ya pingo, ule mkono wa kikombe, akasukuma juu. Halikutoka. Upande wa pili taa za gari zilikuwa zinapenya kwenye nyufa za mbao, na Winfrida, ambaye nadhani alishaona fimbo chini ya geti, hakupiga honi. Aliacha injini ikinguruma tu. Mama akavuta pumzi, akasukuma tena, pingo likapanda, likachomoka, likaanguka kwenye maji.

Geti likafunguka. Winfrida alikuwa ameshateremka, amesimama kwenye mvua na sare yake nyeupe imejaa tope hadi magotini, anamtazama mama yake. Akamuuliza nani amemfungulia geti.

Mama alikuwa anayatazama magurudumu, ya mbele kisha ya nyuma, yote yamevaa udongo mweusi.

"Leo miguu yote imefanya kazi," akasema. "Ingiza gari, mwanangu, ugali unapoa."