Jembe la Mama Kwenye Ardhi ya Barafu

Mdogo wangu Amani alifia masomoni Yakutsk, huko Urusi, na mwili wake haukuweza kurudishwa kwetu Uvira. Nyumbani kwetu, mtu akizikwa mbali, ndugu huenda na jembe la nyumbani kuchota udongo wa kaburi lake, ukaletwa kuzikwa kwao. Bila hivyo matanga hayaondoki. Mama alikuwa akilala chini kwenye mkeka tangu habari zifike, na kitanda alikikataa katakata. Nikasema basi, nitakwenda mimi.

Kasenga, mtaani kwetu Uvira, asubuhi. Mama alinifungia jembe kwa kitenge, akanipa na mkebe mtupu wa maziwa ya unga. "Weye usirudi bila yeye," akasema. Mjomba akacheka, eti Warusi nao wana majembe. Nilimwambia aninyamazie. Pikipiki ikanifikisha mpakani Kavimvira, nikavuka kwenda Bujumbura kupanda ndege.

Yakutsk, mwezi wa nne. Nyumba zimesimama juu ya nguzo. Pascal, mtu wa Bukavu aliyesoma na Amani, alinipokea na koti zito kuliko mimi mwenyewe.

"Dada, hapa chini iko barafu," alinieleza. "Udongo uliganda tangu zamani za zamani. Wakati wa joto unayeyuka juu kidogo tu, chini hapana. Nyumba ikikaa chini, joto yake inayeyusha barafu, nyumba inazama."

Tulifikia kwa Bi Anna, aliyempangisha Amani chumba. Ana shimo chini ya nyumba, anahifadhia humo nyama na samaki bila umeme, kama walivyofanya bibi zake. Siku hizi shimo linaingia maji, na ukuta wa jikoni umepasuka.

"Ardhi yetu inalegea," alisema, Pascal akitafsiri. "Kila mwaka joto linashuka chini zaidi."

Nilimwelewa upesi. Sisi watu wa Uvira tumeona mto Mulongwe ukibeba nyumba na watu wake.

Makaburini, kesho yake. Nilipiga jembe kwa nguvu zangu zote, likaruka, mikono ikafa ganzi. Nikapiga tena. Mpini ukavunjika. Jamani! Nililia kwa hasira. Nilivuka dunia nzima, halafu udongo unanikatalia?

Bi Anna alianza kushusha kuni garini. Kwao kaburi huchimbwa kwa moto: unawasha, unangoja, unachimba palipolainika, unawasha tena. "Amani tulimchimbia hivi hivi," alisema. Tulikaa na moto ule mchana kutwa. Kisha nikapiga magoti, nikashika jembe lisilo na mpini, nikakwangua matope mpaka mkebe ukajaa. Kabla hatujafika nyumbani yalikuwa yameganda tena.

Njiani nilimuuliza Bi Anna, "Na yeye, huko chini?"

"Yuko vilevile tulivyomlaza. Ardhi hii haiozeshi mtu. Lakini itamshika mpaka lini, siku hizi hatujui."

Nilifurahi kwamba sura yake ipo bado, haijaoza. Halafu nikaumia sana, maana Amani alikuwa mwoga wa baridi, hata ziwani alikuwa anaingia jua likiwa kali tu.

Kasenga tena. Ukoo mzima ulikuwa uani. Nilimweleza Mama yote, hata lile la sura, maana sikwenda kule kumletea uongo.

"Kumbe miye nalala chini hapa, na yeye analala kwenye barafu," Mama akasema.

Safari hii imenifundisha kwamba kuna ardhi inayomshika mtu isimwachie, na kazi ya kumwachia inabaki kwa ndugu zake. Ndiyo maana sikumharakisha Mama.

Mama alifungua mkebe, akatumbukiza mkono kwenye matope mpaka kifundo. Akauacha humo.

"Haina baridi tena," akasema. "Basi amefika."

Tulimzika kando ya kaburi la baba. Tuliporudi, Mama aliukunja mkeka mwenyewe.