Kitovu Chini ya Kilima

Mama yangu halimi kwa njaa. Analima kwa sababu mikono yake haijui kukaa bure. Tangu nimlete Johannesburg kutoka Tanga, kipande cha ardhi chini ya kilima hapa mtaani Observatory, nyuma ya jengo letu, amekigeuza shamba la matembele na mchicha. Si chetu. Majirani wanachuma, wanasema asante, basi.

Siku moja nilirudi kutoka Fordsburg, ninakouza vitambaa, nikamkuta kasimama mbele ya tangazo lililobandikwa kwenye nguzo.

"Nisomee."

Nikamsomea. Bunge la jimbo linapendekeza sheria ya kukagua maliasili, yaani mawe, mchanga na vifusi vya migodi ya zamani, ili kujua wapi panaweza kuendelezwa. Wataanza na maeneo yasiyotumika. Kwenye ramani, kilima chetu kilikuwa kimepakwa rangi.

"Yasiyotumika!" Mama akashika kiuno. "Na haya matembele yamejipanda?"

"Ni mswada tu, Mama. Halafu sisi wageni, nani atatusikiliza? Tutapanda kwenye ndoo."

Akanuna. Na Mama akinuna, hata chai hupoa upesi.

Jumamosi ya wananchi kutoa maoni juu ya mswada huo, Mama akashikilia twende, tukaenda ukumbini: yeye, mimi mkalimani, na binti yangu niliyemburuta kutoka kitandani. Binti huyu kazaliwa hapa. Kiswahili anakisikia chote, ila ukimsemesha anakujibu kwa Kiingereza au Kizulu. Bibi yake humtania, "Haya, mke mwenzangu wa Kizungu, njoo ule."

Zamu ya Mama ikafika. Akawasalimu waheshimiwa, akawapa pole ya kazi, akawauliza kama watoto hawajambo. Mwenyekiti akatazama saa. Nikamvuta kanga. "Mama, sema neno lenyewe, jamani!"

"Mimi mgeni, sibishi," akasema. "Mkitaka kung'oa mchicha, ng'oeni. Lakini kitovu cha mtoto huyu nimekizika pale kwa mikono yangu. Mkipachimba, yeye mtamwambia kwao ni wapi?"

Loo! Nilikuwa sina habari. Kilipodondoka kile kitovu nilikifunga kwenye kitambaa, nikampa Mama akakizike Tanga siku atakayokwenda. Alikwenda, akarudi, na miaka yote hiyo niliamini kiko kule, karibu na cha kwangu. Watu wananisubiri nitafsiri, na Kiingereza changu cha kuuzia vitambaa kimenikimbia chote.

Binti yangu akasimama. Akasema, kwa Kizulu, kwamba inkaba yake, kitovu chake, kiko pale chini ya kilima. Ukumbi mzima ukaitikia kwa mguno mmoja. Kumbe na wenyeji wa hapa huzika kitovu, na kwao ndipo kilipo. Mama mmoja wa safu ya mbele akasema "Eish," akajifuta macho. Mwenyekiti akaandika kitu, akasema watakuja kupaona kabla ya kuamua lolote. Hakuahidi zaidi ya hapo.

Njiani nilikuwa nimefura. "Mama, nilikupa ukakizike kwetu!"

"Kwetu mimi na wewe," akasema, wala hakupunguza mwendo. "Na yeye je? Ulitaka akulie hapa, kitovu kinamvuta kule?"

Nilikuwa na hasira tu, na hasira yenyewe ilikuwa imeanza kulainika.

Tulipofika, binti yangu hakupanda ngazi. Alizunguka nyuma ya jengo, akasimama katikati ya matuta.

"Bibi," akaita, kwa Kiswahili. "Ni wapi? Nionyeshe."

Mama akapiga magoti kwa shida, akafunua majani ya matembele karibu na jiwe.

"Hapa, mke mwenzangu. Hapa ndipo kwenu."

Mimi nikageuka, nikajifanya nachuma mchicha, maana machozi yalikuwa yananitoka.