Viatu Visivyovuliwa

Fundi viatu mstaafu, aliyetoka nchi ya mbali kuja kujitolea kwenye kituo cha watoto wenye ulemavu, kila kiatu akimaliza kukishona hukipapasa ndani kwa mgongo wa mkono. “Kiganja changu kina sugu, mwanangu, kitanidanganya,” humwambia mlezi wa kituo, uzi ukining'inia mdomoni. Akigusa kinundu, hata kiwe kidogo kama punje ya mchele, hufumua chote, na hapo hasikii la mwadhini wala la mteka maji msikitini. Mlezi ameshachoka kubishana naye. Leo asubuhi binti wa miaka saba, ambaye hajawahi kusimama bila kushikwa, alivuka chumba kwa viatu vipya vyenye vyuma vya kukaza miguu. Wapishi waliacha masufuria wakapiga vigelegele. Fundi hakupiga hata kofi. Alipiga goti, akachungulia kisigino, akaguna.

“Panagusa hapa. Vua nirekebishe.”

“Sivui, babu. Mama yuko nje, hajaniona.”

Mlezi alisubiri mzee aanze ubishi wake. Fundi alirudisha sindano koponi, akajifuta mikono kwenye aproni, akamtangulia binti na kuufungua mlango wote.