Mwamuzi na Wabebaji Wake

Kaka yangu alipokufa, watu waliompiga kiwanjani ndio waliokuja wa kwanza kulia. Walilia kwa sauti kubwa, wakapewa viti vya mbele. Sisi wa nyumbani tulikaa kwenye mkeka.

Nieleze kwanza alikuwa mtu gani, maana kwenye matanga yake yalisemwa mengi ambayo hayakuwa yeye. Alikuwa mmoja wa wavulana wa kwanza wa mji wetu kucheza mpira katika koleji ya mapadri, wakati wa Wabelgiji. Baba alikuwa na minerval, ile ada ya shule, ya mtoto mmoja tu, akamlipia yeye. Mimi nilitolewa darasa la nne, nikafundishwa kuanika ndakala, wale samaki wadogo wa ziwani, na shangazi yetu, dada ya baba, aliyetulea baada ya mama kufa. Koleji ilimpa kaka Kifaransa, viatu vya mpira, na goti ambalo mwaka wa mwisho lilipinda upande lisikopaswa kupinda. Kabla ya hapo, Jumapili, mji mzima ulimshangilia. Alipolala na goti lake, hakuna aliyemletea hata ndizi.

Basi akawa mwamuzi. Zamani nilidhani ni kwa kupenda mpira. Sasa nadhani alitaka kusimama katikati ya kiwanja bila kuwa upande wa mtu yeyote. Alikuwa na majivuno, sifichi. Kaptula yake nyeusi aliipiga pasi mwenyewe kwa sababu hakuniamini. Mezani alitusomea sheria za mpira kwa Kifaransa kana kwamba ni Injili, na shangazi akiitikia "Amina" ili chakula kisipoe. Watoto wake walipogombana aliwapulizia filimbi. Mkewe aliwachukua akarudi kwao Kabalo, na simlaumu.

Lakini hakununulika. Timu zilimletea mbuzi, na mbuzi wakalia nje ya mlango wetu mpaka wenyewe wakaja kuwafuata. Kuna timu iliyokuwa ikiingia kiwanjani kwa kuruka ukuta, kwa sababu mganga wao alisema mlangoni kumezikwa dawa. Aliwarudisha wote, na kocha wao pia.

"Sitwayeni, wananchi, mlango uko pale. Ukuta unarukwa na mbuzi."

Kisha ikaja mechi ya timu yetu na wachimba madini wa Manono. Karibu na mwisho, beki wetu alimkamata mshambuliaji wao kaptula kwa mikono miwili, mbele kabisa ya goli, akamvua nusu. Ilikuwa penalti. Hata kipofu angesikia kitambaa kikichanika. Kaka akapuliza, Manono wakafunga, na mawe yakaanza. Halafu watu wakaingia kiwanjani wakampiga mateke ya mgongo mpaka askari walipokumbuka kazi yao.

Tangu hapo alikojoa damu. Dokta alisema ni figo. Sijui kama yale mateke ndiyo yaliyomuua. Figo huugua kwa mambo mengi, nami sikusoma. Najua tu kwamba hakuwahi kulazwa hospitalini tangu lile goti, na safari hii hakutoka.

Siku ya maziko alisimama prezida wa wafuasi wa timu yetu, mfanyabiashara wa mawese aliyevaa abakosti, koti lile la wakubwa lisilo na tai, hata kwenye jua la kupasua mawe.

"Tumempoteza baba wa mpira!" alisema. "Vijana wangu njo watamubeba!"

Hakuna aliyetuuliza. Vijana wake wakaliinua sanduku.

Kwetu watu husema maiti ya mtu aliyelogwa huwavuta wabebaji hadi kwenye mlango wa aliyemuua. Nimeona masanduku mengi yakivuta. Yalivuta kwa mjane, au kwa mzee asiye na watoto. Sijaona hata moja lililovuta kwa mtu mwenye lori.

Tulipofika kwenye reli, njia ya makaburini ikiwa wazi mbele yetu, sanduku likaanza kuyumba.

"Anakataa! Papa anakataa njia!"

"Mumuache, anajua kwenye anaenda!"

Wakageuka mbio, sanduku likirukaruka mabegani, moja kwa moja hadi kwenye nyumba ya shangazi. Alikuwa ndani, miguu yake ilikuwa imevimba, hakuweza kutembea hadi makaburini.

"Mulozi, toka! Mutoto wako amekuja kukusalimia!"

Sauti ya shangazi ikatoka gizani: "Kama nilitaka kumuua, ningemuua angali mudogo. Ningepumzika kufua!"

Hakuna aliyecheka. Kijana mmoja alikuwa ameanza kuangalia nyasi za paa, kama mtu anayepima kama zimekauka. Nilijua maana yake. Katika mtaa wa jirani, mzee mmoja alichomewa nyumba yake hivyohivyo, naye ndani.

Sikupiga kelele. Muuza samaki akipiga kelele watu hudhani anauza samaki. Niliwaendea wajomba zangu, ndugu za mama, wakulima walioshuka asubuhi ile kwenye treni ya Nyunzu. Hawakuujua mji wetu wa Kalemie, wala hawakumjua shangazi. Na kwetu, mbele ya maiti, mjomba hapingwi na mtu.

"Wajomba," nilisema, "mpwa wenu hamjambeba."

Vijana wa prezida wakapisha. Wajomba wakaweka mabega chini ya sanduku, na yule mkubwa akaniuliza, "Makaburi iko wapi?"

Nikanyoosha kidole. Wakaenda. Sanduku likawafuata kama meza.

Umati ulikuja nyuma ukiwa bado na matumaini. Kila kona walinyamaza wakingoja livute. Karibu na makaburi nilimsikia mmoja akimwambia mwenzake, "Pengine amechoka." Kaburini, prezida alihutubia. Alisema marehemu alikosea mara moja tu katika maisha yake, na kwamba wao wamemsamehe.

Nyumba ya shangazi haikuchomwa. Aliishi humo mpaka kufa kwake, lakini tangu siku ile hakuna aliyenunua kitu mkononi mwake. Kikapu chake kilirudi kutoka sokoni kama kilivyokwenda. Basi yeye akabaki nyumbani kuanika, mimi nikaenda kuuza. Samaki walewale, kutoka kwenye mkeka uleule, wakitolewa mchanga na vidole vilevile vya mwanamke waliyemwita mchawi. Waliisha kila siku kabla ya adhuhuri. Mke wa prezida alikuwa mteja wangu mwema kuliko wote. Alikuwa akiwaambia wenzake kwamba ndakala wangu njo safi, hawana mchanga hata kidogo.