Sauti ya Mama Ilipochoka

Mchana ule tulikuwa mimi, mdogo wangu Mujinga, mdogo wetu Ilunga, na mama, tuliyekwisha kumzika, akiimba kwaya ndani ya kaseti. Betri tulikuwa tumezianika juani zipate nguvu. Redio ilinuka vumbi la moto. Mara sauti yake ikawa nzito, ikajikokota. Nilidhani amechoka, nikazima.

"Yaya, mara moja tena," Ilunga akaniambia mimi mkubwa wake.

"Kesho. Tuache mama apumuzike."

Kesho yake redio ilimeza utepe, ukakatika.

Juzi, kwenye soko la mtaa wa Kenya, hapa Lubumbashi, mtoto alirudiarudia wimbo mmoja kwenye simu, na mwimbaji hakuchoka. Sasa najua zilikuwa betri tu. Wadogo zangu nimewalea mpaka wamekua, lakini Ilunga bado ananidai ile kesho.