Bafle la Papa Kambale

Sijawahi kuisimulia hii nikimtazama mtu usoni. Mimi niliyesoma saikolojia chuo kikuu, niliyebishana na maprofesa, na mapadri, hata na mama yangu juu ya mwisho wa dunia, sikuuliza swali moja dogo: sauti inaenda wapi?

Nilikuwa nimetumwa, nikiwa na tableti, kwenye senta moja ya biashara katika milima ya Masisi, kumpima Papa Hangi, mwalimu mstaafu aliyeugua ule ugonjwa unaoua neva za misuli, mikono kwanza, halafu ulimi. Wengi hudhani unaishia kwenye misuli (hata mimi, kabla ya mafunzo), kumbe kwa wagonjwa wengine unagusa fikra na tabia pia, na tableti ilikuwa ya kutafuta dalili hizo. Siku ya kwanza mvua ilipiga mabati, mzee hakusikia maneno aliyotakiwa kuyakumbuka, nami nikaamua jambo dogo tu, nikaiunganisha tableti bila waya na bafle (spika kubwa) la Papa Kambale, mfanyabiashara wa Butembo ambaye duka lake na nyumba ya mzee vinachangia ukuta wa mbao. Ilisikika vizuri sana.

Kesho yake ilikuwa siku ya soko, na bafle lilikuwa limetolewa nje, kwenye baraza ya duka. Ilikuwa zamu ya mke wa mzee, Mama Furaha, kujibu maswali ya tabia. Alifunga mlango kwanza.

"Kaka, ndugu za bwana yangu wanasema njo mimi namuharibisha. Nataka kujua kama ni yeye ao ni ugonjwa. Nitasema, lakini isitoke humu."

"Haitatoka, Mama."

Akasema. Kwamba mumewe alicheka kwenye kilio cha dada yake mwenyewe, kwamba anamnyang'anya mjukuu chakula, kwamba yeye akilia mumewe hageuki. Nyuma ya nyumba moulin, mashine ya kusaga mihogo, ilikuwa inanguruma, kwa hiyo aliinama karibu na tableti kumalizia: "Bwana iko hapa, lakini mimi niko peke yangu."

Utaratibu ni mtu arudishiwe jibu lake, alisikie, alikubali. Nikabonyeza: kimya. Nikapandisha sauti, nikabonyeza tena: kimya (nikawatukana moyoni waliotengeneza kile kifaa). Nilipobonyeza mara ya tatu moulin ikazimika, na soko lote likawa limenyamaza. Mwaka ule vita vilikuwa kilima cha pili, na soko likinyamaza ghafla mtu haulizi kitu, kwa hiyo tukajitupa wote wawili chini ya meza, na tukiwa pale kwenye vumbi tukaisikia sauti yake ikitoka nje, kubwa kama ya padri siku ya Pasaka: "Bwana iko hapa, lakini mimi niko peke yangu."

Papa Kambale akasukuma mlango, akatukuta chini.

"Kaka, zima ile kitu. Hata muntu wa moulin amezima moteri ili asikie."

Nyuma yake ziliwasili nyuso za soko, na mbele yao shemeji za Mama Furaha. Kwenye kiti chake Papa Hangi alikuwa anacheka.

Wiki nzima nilikula peke yangu kwenye chumba walichonipa. Mama Furaha aliniletea maji ya kuoga, akayaacha mlangoni. Kisha jibu la kipimo likaja: dalili za tabia kubadilika kwa ugonjwa zipo, daktari wa Goma athibitishe barabara ikifunguliwa. Nikamsomea kwa kunong'ona.

"Ile ya kwanza walisikia," akasema. "Na hii wasikie."

Nikamuuliza mzee, akafumba macho, ishara yake ya ndiyo. Basi siku ya soko nikasimama barazani, bafle likiwa limewashwa, nikaeleza kwamba si mke anayemharibu mwalimu, wala si roho mbaya ya mwalimu, inaonekana ni ugonjwa. Nikaeleza mara tatu. Mama mmoja aliendelea kubishania maharage. Shemeji akavuta mbuzi wake akapita. Moulin haikuzimika.

Nilipogeuka, Mama Furaha alikuwa amesimama mlangoni, peke yake.

"Basi, kaka. Mimi nimesikia."

Akaingia ndani kumpangusa mumewe mdomo. Tangu siku ile siulizi mtu swali kabla sijajua sauti yake itafika wapi, na nimejiapiza sitamwahidi tena mtu yeyote kwamba haitatoka.