Santuri Iliyoanikwa na Kahawa

Nyumbani kwetu Isansa tulikuwa na gramafoni moja na santuri tatu. Zote alizileta kaka yangu kutoka migodi ya shaba ya Kopabeliti, ng'ambo ya mpaka, likizo yake ya mwisho. Mimi nikajifanya hakimu wa muziki, na hukumu yangu haikukatiwa rufaa. Nafasi ya kwanza niliipa ya Mbemba mmoja, mtu wa hukohuko, aliyepiga gitaa mpaka miguu ikuwashe. Ya pili ni ya kwaya, ingawa wenye sauti nzito walikuwa wanaburuta kama wametoka kula ugali wa kushindana. Ya mwisho ni ya kaka mwenyewe. Gari la kunasa sauti lilipita kambini kwao, naye akaimba wimbo wa Kinyiha wa kuitana shambani. Aliimba vizuri, sikatai. Lakini wimbo umekwisha, ametulia, mara akakohoa! Kikohozi kikaingia kwenye santuri.

"Aibu gani hii?" nilimwambia.

Akacheka, akakohoa tena.

Kumbe kilikuwa kifua cha vumbi la mgodi. Alirudi kazini, na masika yaliyofuata tukaletewa habari kwamba amefariki na ameshazikwa hukohuko. Mama hakuona maiti wala kaburi. Alibakiwa na sauti tu. Kila jioni ananiambia, "Mwanangu, mwite kaka yako," nami nazungusha mpini, naweka sindano.

Masika ya kwetu hayana mchezo. Santuri zikaota kuvu. Na sisi watu wa kahawa, kitu kikiota kuvu tunajua dawa moja tu, jua. Siku lilipotoka, mimi nikiwa kisimani, mama aliifuta ile ya kaka kwa khanga yake, akailaza kichanjani katikati ya kahawa. Kila alipogeuza kahawa, na yenyewe akaigeuza, taratibu. Niliporudi, Mungu wangu! Imejikunja pembeni kama bakuli.

"Imekauka vizuri," akasema, uso umemchangamka.

Sikuweza hata kufoka, na mimi kufoka ndiyo kazi yangu. Nikamweleza kwamba santuri hulainika juani. Tukaibana kwa mbao, tukaweka jiwe la kusagia juu yake, wapi! Sindano iliruka, ikakwaruza, ikateleza nje.

"Jaribu tena," mama akasema. "Nakuomba, jaribu tena." Akapapasa pembeni palipojikunja. "Nimemzika mwenyewe sasa. Mimi mwenyewe!"

Nilikata tamaa kabisa. Nikaisukuma sindano kwa kidole mpaka karibu na katikati, pale santuri ilipobaki bapa. Wimbo hauko pale. Pana kimya kidogo, kisha kikohozi.

Mama akajiziba mdomo kwa khanga.

"Ndiye," akasema. "Rudisha."

Nikarudisha, nikarudisha tena, mpaka giza likaingia. Tangu siku ile, kwa hukumu yangu, yule Mbemba na gitaa lake ni wa pili.